Mgao wa Walio Chini

Alasiri moja Eustace alikuwa amechuchumaa chumbani, akipuliza vumbi kwenye seva zake kwa pampu ya baiskeli. Mkewe Rhoda alipohamia Mwanza na kabati lake, yeye aliingiza seva mahali lilipokuwa kabati, akaziwekea feni, na tangu hapo nyumba nzima feni ndiyo iliyokuwa ikimsemesha. Seva zilibeba tovuti ya shule moja, ya kwaya, na ya Donatus, mwenye duara, shimo la machimbo, na mnunuzi wa dhahabu, aliyetaka bei zake zionekane Kahama yote bila kukwama.

Wiki ile zilikwama. Donatus alipiga simu akafoka. Eustace akafungua ruta kuona nani anakula intaneti, akakuta ni simu za wale wanaapolo, wachimbaji waliofukiwa duara la Donatus lilipotitia mwanzoni mwa mvua. Waliwahi kuchaji kwake, akawapa nywila. Duara lenyewe lilikuwa mbali, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, na mtandao wake ulikuwa ukiishia kwenye ukuta wa ua. Lakini Eustace hakuwa mtu wa kubishana na mitambo. Akapiga.

"Shikamoo kaka Eustace," alisema Marselino, mmoja wao. "Utusamehe kwa intaneti yako. Sisi tulikufa siku ileile, ila chaji haiishi."

"Marahaba. Mnaitumia kufanya nini?"

"Kupiga nyumbani. Inakatika kabla hawajapokea."

Eustace akagawa upya. Mchana Donatus atangulie. Kuanzia jioni watangulie walio chini, kwa sababu maongezi hayavumilii kukwama. Kisha akampelekea habari Apolonia, mke wa Marselino, na ndugu za wengine. Simu hizo zilisikika ndani ya ua wake tu, basi wakawa wanakuja kila jioni na mikeka. Apolonia alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Marselino aliuliza kama ng'ombe amezaa, akagomba kwa nini baiskeli imeuzwa. Eustace alikaa kizingitini akisikiliza maneno yasiyomhusu, na alifurahi, furaha iliyomtia aibu kidogo.

Apolonia hakuja kwa maongezi tu. Kwa ukoo wa Marselino matanga hayaanuliwi bila kaburi, na Donatus alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba siku ile duara lilikuwa tupu. Kwa hiyo Apolonia alimwita aje asikie mwenyewe. Donatus alikuja, akavua kofia, akashika simu.

"Marselino, pole sana."

"Asante bosi. Tuko chini ya magogo ya matimba, upande wa kulia."

Donatus aliinamisha kichwa kwa heshima, akamrudishia Apolonia simu. "Kumbe mnaongea vizuri tu, shemeji. Mtu anapatikana kwenye simu, nimchimbue ili iweje?"

Ndugu wengine waliona ana hoja. Apolonia akamfuata Eustace kizingitini. "Kaka, wazimie mtandao. Wakinyamaza atakosa la kusema."

Eustace alijua kwamba akizima, jioni zitabaki zake na feni. Akasingizia ruta kwamba ina kiburi, akachelewesha, mwisho akaona haya, akazima. Mikeka ikaacha kuja. Michembe iliyobaki aliila peke yake, akiitafuna polepole ili isiishe haraka.

Donatus hakukosa la kusema. Alitangaza sokoni kwamba marehemu wamepumzika wenyewe na si vizuri kuwasumbua. Kisha akasawazisha pale juu na kufungua duara jipya ubavuni, maana mwamba ulikuwa unalipa.

Siku chache baadaye Apolonia alirudi, bila mkeka.

"Washa tu, kaka."

Marselino alipokea papo hapo. "Mtandao ulisumbua kweli, mama Zipora. Vipi, wameanza kutuchimbua?"

Apolonia alitazama upande wa majaruba. "Wameanza, baba Zipora. Wamekaribia."

"Najua," alisema Marselino, na sauti yake ilikuwa na raha. "Nawasikia hapa ubavuni, wanagonga mwamba kwa moko."

Eustace aliwapa kasi yote iliyokuwepo, hata ya Donatus, ili waongee bila kukatika. Asubuhi akamrudishia Donatus ya kwake.