Vidole Vitano Juu ya Mlango

Wenzake walipoingia ndani kula, Aslak Bakken alibaki uwanjani. Alipiga magoti kwenye matope ya theluji iliyoyeyuka, mbele ya kona ya nyumba changa isiyo na paa, akachomoa kisu kiunoni. Alijaribu kuipenyeza ncha yake pale gogo la juu lilipolilalia la chini. Kisu kikakataa. Akasogea, akajaribu pale magogo ya kuta mbili yalipopishana na kung'atana. Kikakataa tena. Akakigeuza, akakisukuma kwa kiganja, na ncha ikateleza ikamchana kidole gumba.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Kwa miaka arobaini alikuwa amejenga nyumba za magogo katika bonde lile la Telemark kwa shoka, tezo, patasi na msumeno wa mkono, bila msumari hata mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwa amekutana na kona iliyokinyima kisu chake njia, ukiondoa zile alizozikata mwenyewe. Tena, kusema kweli, si zote.

Kona hii ilikuwa ya Turid.

Turid Lien alikuja Oktoba pamoja na wengine watano waliotaka kujifunza kazi hiyo. Kila mmoja alipaswa kujenga nyumba ndogo katika uwanja wa Aslak, kisha aifumue gogo kwa gogo na kwenda kuisimamisha upya kwenye kiwanja chake. Theluji ya kwanza ilipoanguka, wanne wakakumbuka kwamba walikuwa na shughuli kwingine. Wakabaki wawili: Turid, na Kjetil, mpishi wa meli aliyestaafu, mtu wa kitambi na maneno mengi, ambaye kuta zake zilikuwa na mianya ya kupitisha paka.

"Mimi nyumba yangu nitawauzia wavuvi," Kjetil alipenda kusema. "Waitumie kama wavu."

Turid alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza mjini Skien akitengeneza meno bandia. Siku ya kwanza aliposema hivyo, Aslak alicheka mpaka akakohoa. "Hapa hatujengi vinywa, bibie," alimwambia. Lakini mikono iliyozoea vitu ambavyo vikizidi kwa unene wa unywele tu mtu hawezi kutafuna, ilipokabidhiwa shoka, haikusahau ilichokijua. Kufikia Januari alikuwa akichora mstari wa mkato kwa chuma cha ncha mbili kana kwamba gogo lenyewe limemnong'oneza mahali pa kupita. Kufikia Machi, gogo lake lilipoteremshwa mahali pake, halikugonga. Lilikaa kimya, kama mtu mzito anayekaa kwenye godoro, na kuvumwani, ile mimea laini ya kuziba nyufa, iliyotandikwa katikati ikatoa pumzi.

Mwanzoni Aslak alifurahi, maana mwanafunzi hodari ni sifa kwa mwalimu wake. Hakujua ni siku gani furaha ile ilichacha. Alijua tu kwamba alianza kumchagulia Turid magogo mabaya: yenye mafundo, yaliyopinda, yaliyonona upande mmoja. "Lazima ujue kila aina ya mti," alimwambia, na maneno hayo yalikuwa kweli, na uongo ulikuwa umejificha ndani yake. Turid aliyapokea magogo yale kwa shukrani. Aliyazunguka mara mbili tatu, akayageuza, akayapatia mahali ambapo ubaya wake uligeuka kuwa faida. Na kila alipofanikiwa, alimgeukia Aslak na kuuliza kwa unyoofu uliomkera kuliko majivuno yoyote, "Hivi ndivyo, fundi?"

"Ndivyo," alijibu Aslak, na neno lile lilimtoka kama jino.

Wiki moja baada ya kisu kumchana, alikuja Ingerid, mhifadhi wa makumbusho ya bonde. Makumbusho yalikuwa na ghala lililojengwa kwa magogo miaka mia nne iliyopita, ambalo magogo yake ya chini yalikuwa yameanza kuoza, na kwa miaka sita Aslak alikuwa akiisubiri kazi ile ya kulitengeneza kama mtu anavyosubiri harusi ya mwanawe. Ingerid aliizunguka nyumba ya Turid polepole, akavua glavu, akapitisha mkono kwenye kona.

"Aslak," alisema, "wewe uzee unakuogopa. Kazi ya mkono wako ningeitambua hata nikifungwa macho."

Aslak alinyamaza. Haukuwa ukimya mrefu, ulitosha tu kumeza mate, lakini ndani yake alipata nafasi ya kuuvaa ule utukufu na kuuona unavyomkaa.

"Huo si mkono wake, mama!" Kjetil alipaza sauti kutoka juu ya ukuta wake. "Huo ni wa mtengeneza meno! Fundi siku hizi anatufokea tu."

Wote wakacheka. Aslak alicheka pia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akamwona Ingerid akimsogelea Turid, akamsikia akimuuliza kama amewahi kuliona lile ghala la kale, halafu akamwona akitoa simu mkobani na kuandika namba. Jioni mkewe, Gunnvor, alimuuliza mbona hali viazi vyake. Alisema vina chumvi. Havikuwa na chumvi.

Siku ya Jumanne ujenzi wa Turid ulifika kwenye mlango.

Sasa, katika kazi ya magogo kuna jambo moja ambalo jicho haliwezi kulifundisha. Gogo bichi likikauka hunywea, na ukuta mzima hushuka, pole pole, kwa miaka miwili mitatu. Lakini miimo ya mlango, yaani nguzo zake za pembeni, imesimama wima, na mti uliosimama haufupiki. Kwa hiyo fundi huikata miimo iwe mifupi, akaacha nafasi kati ya mlango na gogo linalopita juu yake, ili ukuta upate pa kushukia. Nafasi hiyo hujazwa kuvumwani na kufunikwa kwa ubao, kwa hiyo hata ukizitazama nyumba mia za zamani hutaiona. Ni lazima uambiwe. Asiyeambiwa atabana miimo yake hadi juu, ipendeze macho, na baada ya majira mawili ya baridi ukuta utakuwa umening'inia juu ya mlango kama nguo kwenye kamba, magogo yameachana, na upepo unaingia ndani na kutoka upendavyo.

Aslak alisimama hatua tano kutoka pale, mikono mfukoni, akamtazama Turid akiibana miimo hadi juu. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi wa ajabu. Hata karatasi isingepita. Alimwona akitandika kuvumwani, akimwita Kjetil wanyanyue pamoja gogo la juu ya mlango, kisha jingine, akitoboa kwa keekee na kugongomea vigingi vya mti mkavu. Kila pigo la nyundo Aslak alijiambia: sasa hivi nitasema. Halafu akajiambia: akijua kila kitu, mimi nitabaki na nini?

Ijumaa, walipokuwa wakikusanya zana, Turid alimfuata Aslak kwenye cherehe, jiwe la kunolea, alipokuwa akinoa shoka.

"Fundi, wiki ijayo nataka kuanza paa. Mama amekwisha kufunga mizigo yake ahamie humu nami, ananipigia simu kila siku. Kuna kitu nimesahau?"

Jiwe la cherehe lilizunguka. Maji yalidondoka.

"Hapana," alisema Aslak.

Jumatatu alichelewa kidogo kutoka nyumbani, na alipofika alimkuta Kjetil amelala kifudifudi juu ya ukuta wake, ulimi nje, akipima.

"Unafanya nini wewe?"

"Naweka mlango, fundi! Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kitu changu kinakaribia kunyooka. Turid kanionyesha. Tunabana miimo mpaka juu kabisa, kama unavyofanya wewe."

"Nani kasema mimi nafanya hivyo?"

Kjetil alinyoosha kidole. Juu ya rundo la maganda kulikuwa na daftari la Turid, limefunguliwa, limekandamizwa kwa patasi. Aslak aliinama. Mlango ulikuwa umechorwa kwa penseli, safi, kila kipimo mahali pake, na chini yake maandishi madogo: *Mlango, kwa jinsi ya Aslak.*

Ingependeza kusema kwamba alimwonea Turid huruma. Kilichomshika kwanza kilikuwa hofu kwa ajili ya jina lake: aliona milango mingi, katika mabonde asiyoyajua, yote ikibeba kosa moja na yote ikiitwa yake. Akafungua kurasa za nyuma ili asiutazame mchoro ule. Akakuta Oktoba. Akakuta jinsi ya kushika shoka, jinsi ya kusikiliza gogo kwa kuligonga, na maneno aliyoyasema akiwa na usingizi, akiwa na njaa, akiwa amekasirika, mengine alikuwa hata hayakumbuki. Yule mwanamke hakuwa ameacha neno lake hata moja lianguke chini.

Turid alitokea nyuma ya nyumba na mzigo wa vigingi mkononi.

"Mlango umekosewa," alisema Aslak.

"Wangu?" Kjetil aliuliza. "Hiyo si habari, fundi. Niambie kilicho sawa."

"Wa Turid. Wako umekosewa kwa kuwa umeuiga."

Akawaeleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama mwalimu. Turid alisikiliza bila kupepesa macho, akautazama ukuta wake kutoka juu hadi chini, na ilikuwa dhahiri kwamba tayari alikuwa akiuona ukishuka.

"Umeona leo?" aliuliza.

Turid alikuwa amemfungulia njia bila kujua. Neno moja tu, "leo", lingetosha. Wangecheka, wangekunywa kahawa, wangeanza kazi.

"Niliona Jumanne," alisema Aslak.

"Jumanne. Na Ijumaa, nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Kjetil alishuka ukutani taratibu.

"Kwa nini?" Turid aliuliza. Sauti yake haikupanda. Aslak angependa ipande.

"Kwa sababu kisu changu hakiingii kwenye kona zako."

"Na hilo ndilo jibu?"

"Ndilo nililo nalo."

Turid aliviweka vigingi chini, kimoja kimoja, kama mtu anayeogopa kuvirusha.

"Nafasi ya vidole vingapi?"

"Kwa mlango huu na magogo mabichi kama haya, vitano."

"Vyako au vyangu?"

"Vyangu."

Alimsogelea, akakishika kifundo cha mkono wake kama mtu anavyoshika zana, akakiweka kiganja chake juu ya ubao, akachora mstari juu ya gumba na mwingine chini ya kidole cha mwisho. Kisha akauachia mkono ule.

"Toa vigingi," alisema. "Wewe, si Kjetil."

Kigingi kikavu kilichogongomewa kwenye gogo bichi hakitoki kwa kubembelezwa. Aslak alivitoboa vyote kwa keekee, siku tatu, kifua kikisukuma mpini, na jioni Gunnvor alimkanda mabega bila kuuliza. Turid alisema naye mambo ya kazi tu: inua, shusha, shika hapa. Mwezi wa Juni paa lilikamilika, na mwezi wa Agosti nyumba ikafumuliwa, magogo yakatiwa namba, lori likayachukua kwenda kwenye kiwanja cha Turid kando ya ziwa. Kjetil alialikwa siku ya kuhamia. Aslak alisikia kutoka kwake kwamba kulikuwa na samaki na keki mbili. Makumbusho yalimwandikia barua nzuri ya kumshukuru kwa huduma ya miaka mingi, na ghala likapewa Turid.

Vuli ya pili Aslak alimwambia mkewe anakwenda kuchuma matunda ya porini, akaendesha gari hadi ziwani. Hakuwa na ndoo. Alisimama mbele ya nyumba ile muda mrefu, mpaka mlango ukafunguka, bila kukwama wala kulia.

"Umekuja kukagua?" aliuliza Turid. Alikuwa amevaa koti kubwa la mzee, huenda la mamaye.

"Nimepita tu."

"Huku hakuna anayepita tu. Barabara inaishia hapa." Akatazama juu ya mlango. "Ukuta umeshuka vidole vitatu. Vyako."

"Viwili vilivyobaki vitatosha?" aliuliza Aslak, na akashtuka, kwa kuwa aliuliza kweli, kama asiyejua.

"Nadhani vitatosha."

Ndani, mwanamke mzee aliuliza ni nani. "Mtu wa kazi," alijibu Turid bila kugeuka. Akaegemea mwimo, akalitazama ziwa. Kisha, kama mtu anayemeza dawa, akasema, "Lile ghala lina gogo la nyuma lililojisokota lote, kutoka ncha hadi ncha. Natakiwa kukata la kuchukua nafasi yake. Nimeharibu mawili. Sijui naanzia wapi."

Aslak alijua. Babu yake alimwonyesha, mara moja tu, na tangu afe babu yake hapakuwa na mtu mwingine bonde zima aliyejua. Aliusikia ule wivu ukipanda, hai, haujapungua hata chembe, ukamkaa kifuani mahali pake pa zamani.

"Limejisokota," alisema, "kuelekea mkono upi?"