Matairi ya Mtaa

Nati ya mwisho ilikuwa imeng'ang'ania. Fundi Makochi akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, akaruka-ruka, mpaka nati ikalia kwii na kuachia.

"Imekubali!" mkewe akapiga kelele, na papo hapo akaliviringisha tairi mbio kuelekea pikapu yao.

Walikuwa nyuma ya ukuta wa kituo cha ukaguzi wa magari. Pikapu ya jirani yao, Mama Mikate, ilikuwa imetoka ndani muda si mrefu, stika mpya kiooni. Sasa ilikaa juu ya matofali bila gurudumu hata moja, kama kuku aliyenyonyolewa. Kituo kingefungwa saa sita. Saa nane Fundi alitakiwa awe amefikisha makochi sita hotelini. Akichelewa, kazi ya vyumba thelathini vilivyobaki angepewa fundi mwingine. Na njiani walikuwepo trafiki, macho yao kwenye stika tu. Ya Fundi ilikwisha jana.

Mafuta hayakuwa shida. Ukiyakosa, unaegesha. Lakini bima, leseni ya barabara, ukaguzi, maegesho na matairi havijali: gari hula hata likilala. Ndiyo maana majirani wanne walicheza upatu wakanunua seti moja ya matairi mapya. Siku za kawaida yalilala kwa Mama Mikate, kando ya magunia ya unga. Siku ya ukaguzi yalivaliwa kama suti ya kuazima. Mtaani kwao mtu akitaka kununua gari, haulizi injini. Anauliza ukubwa wa rimu.

"Kaza kwa msalaba!" Mama Mikate akaamrisha. "Ukizunguka duara, itacheza kwenye mashine."

"Shemeji, wewe pika mikate."

"Hiyo mikate ndiyo imenunua tairi unayokaza. Kaza, bwana!"

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa wa tatu kwenye zamu, alichungulia kutoka garini mwake. "Jamani, na mimi nipo!"

Saa tano na dakika ishirini pikapu ikaingia getini, Fundi akitokwa jasho, mkewe akicheka peke yake kwa furaha. Breki, sawa. Taa, sawa. Mkaguzi, bwana mnene mwenye koti la bluu, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Akapitisha kidole, kikatoka cheupe. Akakinusa.

"Unga. Wewe si fundi makochi?"

"Ndiyo, bosi."

"Tairi hizi nimezipima nusu saa iliyopita kwenye gari ya mikate."

Mkewe akaacha kucheka. Fundi akainyooshea kidole fomu aliyoshika mkaguzi.

"Fomu inauliza kama tairi ni nzima, bosi. Haiulizi ni za nani. Hizo si nzima?"

Mkaguzi akamtazama. Akapima tairi moja, akapima zote nne. Halafu akagonga muhuri kwa kishindo.

"Tumepita!" mkewe akaruka, akambusu Fundi mbele za watu. Wakatoka, wakakata kona ya ukuta. Mwalimu alikuwa tayari na jeki.

Ndipo wakaona koti la bluu linawafuata.

Kila mkono ukasimama. Mwalimu akaificha spana nyuma ya mgongo kama mwanafunzi mwizi. Mkaguzi akakohoa.

"Yangu ni rimu kumi na nne," akasema chini chini. "Inakaguliwa Jumatatu, kituo kingine. Hapa siruhusiwi kuikagua mwenyewe."

Kisha Mama Mikate akaangua kicheko mpaka akashika kiuno.

"Kumi na nne ndiyo hizi! Baada ya Mwalimu kuna dada wa saluni, halafu wewe. Na upatu utachanga kama sisi. Haya, kaka, usisimame kama mgeni. Huyu ana makochi ya kupeleka."

Mkaguzi akavua koti, akalitundika kwenye ukuta, akapiga magoti. Jipya lilipotoka, Fundi akamkabidhi tairi lake la zamani. Mkaguzi akalipapasa kwa mazoea. Lilikuwa kipara kabisa, na waya uliochomoza ukamchana kidole. Akakinyonya kile kidole. Akaliinua tairi, akalipachika, akaanza kukaza nati.

"Saa nane bado unaiwahi," alisema alipomaliza, bila kuinua uso. "Lakini kwenye kona, mzee wangu, nenda polepole."