Kopo la Koleo

Wenzake walimwita Bi Kinyaa, naye jina hilo alilipenda. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuzuia maambukizi: kunusa pale wengine wanapoziba pua, kuchungulia chini ya vitanda, kuwatia watu alama kwa uchafu wao. Wakimwona tu na daftari lake, mbio kwenye sabuni. Wanafiki wakubwa!

Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya kumtania mtu. Katika wodi ya upasuaji vidonda vinne vilikuwa vimeoza ndani ya wiki moja, na kimoja kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyetolewa mawe ya nyongo siku sita zilizopita. Daktari hakumficha kitu: usaha usipokauka, mama atapasuliwa tena, na moyo wake umechoka, huenda asiamke.

"Usinikunjie uso, mwanangu," mama alisema. "Najua ninanuka."

"Hunuki, mama."

"Muongo wewe tangu utotoni."

Alinuka, jamani, alinuka hasa. Harufu ya utamutamu, ya nyama iliyosahaulika mfukoni. Bi Kinyaa akaanza kupekua.

Maji ya bomba yalikuwa sawa. Mikono ya wauguzi nayo ilioshwa vizuri, maana aliwasimamia. Chini ya kitanda cha nne alikuta pamba yenye damu imegandia sakafuni, na mende anaitafuna kwa raha zake. Ptu! Akamkanyaga, akafyonya. Lakini mende hafungi bandeji. Kilichowagusa wagonjwa wote wanne kilikuwa kimoja tu, toroli la kusafishia vidonda.

Juu ya toroli palikuwa na kopo refu la chuma lenye dawa ya kuua vijidudu. Humo zilisimama koleo za kushikia shashi, zikitoka kwa mgonjwa huyu na kwenda kwa yule. Kwa juu dawa ilikuwa ya manjano, inapendeza.

"Hii mmeimwaga lini?" aliuliza.

"Haimwagwi, bibie," alijibu muuguzi mkuu wa wodi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Huongezwa. Kila asubuhi tunajaza mpaka kwenye mstari."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Bi Kinyaa alivaa glavu, akalipeleka kopo sinkini, akaliinamisha. Dawa ilichuruzika kidogo, ikakwama, halafu tope lote likashuka kwa mkupuo: ute wa kijivu unaovutika kama bamia, nyuzi za shashi, vipande vya ngozi za watu, unywele mmoja mrefu. Na harufu! Ileile ya kitandani kwa mama yake. Alitapika papo hapo, juu ya uchafu ule ule.

"Hiki ndicho mnachomchokolea mama yangu?" alifoka, akijipangusa mdomo kwa kiwiko. "Kila siku? Hata nguruwe ana aibu kuliko nyinyi! Nani aliwaambia muongeze? Nani huyo mwenye akili timamu?"

Muuguzi mkuu alikwenda kwenye meza yake. Alifungua droo, akatoa karatasi iliyotunzwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, akampa asome.

"Dawa imeadimika. Msiimwage, ongezeni tu, mpaka mtakapotangaziwa vinginevyo." Chini pana muhuri wa ofisi yake Bi Kinyaa, na sahihi ni ya mkono wake mwenyewe. Dawa ilirudi stoo baada ya wiki tatu. Hilo tangazo la pili hakuliandika kamwe.

"Tulikuwa tunasubiri," alisema muuguzi mkuu.

Bi Kinyaa aliagiza kopo litupwe, koleo zichemshwe, kila mgonjwa awe na zake. Akampelekea daktari ute kidogo ndani ya chupa, upimwe ijulikane dawa ya kufaa. Kisha akanawa mikono mara tatu, akarudi kitandani kwa mama.

Mama alimshika vidole. "Nimesikia umegombana huko. Umempata huyo mchafu?"

"Nimempata."

"Mfukuzeni! Usimwonee huruma, maana mimi hakunionea."

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyewaandikia."

Mama akauachia mkono wake.

"Haya," alisema. "Kaniitie mwingine aje anifunge kidonda."