Sukuma Kweli, Bibi

Mjukuu wangu anauza katika duka la dawa, na siku za kazi ni mtu mpole kabisa. Anawaeleza wazee jinsi ya kumeza vidonge vyao, wakisahau anawaeleza tena, na hakunji uso. Lakini Jumapili huvaa kofia ngumu na glavu, akapanda mlima na baiskeli yake, kisha akashuka nayo juu ya mawe na mizizi kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha sufuria motoni. Wenzake wa mbio wamempa jina la Panzi kwa vile anavyoruka mawe. Nami nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Hajawahi kushinda. Mara nyingi huwa katikati ya kundi. Mara moja alikuwa wa nne, na baba yake, yaani mwanangu, akawasimulia mtaa mzima mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Mwaka huu akaanguka. Kwenye kona ya mwisho ya mteremko gurudumu la mbele lilikwama kati ya mawe mawili, akarushwa juu ya usukani, akatua kwa mkono wa kushoto. Mkono ukavunjika pale juu kidogo ya kiganja. Nyuma yake alikuwa anakuja msichana mmoja ambaye walikuwa wakishindana naye msimu mzima, leo huyu mbele, kesho yule. Angeweza kupita. Badala yake aliitupa baiskeli yake majanini, akavua koti akamfunika mwenzake, akakaa chini akampakata kichwa na kumsimulia vichekesho mpaka machela ilipofika. Washindani wote wakawapita. Aliyeshinda siku ile simjui, wala sijauliza. Huyo msichana ndiye ninayemwombea.

Hospitali walimtia chuma kidogo na skrubu, wakamfunga plasta. Plasta ilipotolewa tulitegemea mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mkono ulitoka mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka, vidole havikunjiki. Asubuhi ya kwanza alijaribu kushika kikombe cha chai, kikamponyoka. Nikafuta chai haraka, nikasingizia meza kwamba imeinama.

"Meza haijainama, Bibi," akasema. "Kama kikombe kinanishinda, breki nitaishikaje?"

Nilimmiminia chai nyingine.

Daktari wa viungo alikuwa mama mmoja mcheshi, asiyezungukazunguka maneno. Alimpa mazoezi ya kuminya sponji ndani ya maji ya uvuguvugu, kukamua kitambaa, na kukunja vidole kimoja kimoja. Panzi akamuuliza kuhusu mlima.

"Kinachokusimamisha ukiwa unashuka ni nini?" daktari akauliza.

"Breki ya mbele zaidi."

"Unaishika kwa mkono upi?"

"Huuhuu."

"Basi sikiliza, dada. Siku utakayoshika hiyo breki, mtu mzima akasukuma baiskeli kwa nguvu zake zote na gurudumu la mbele lisizunguke, siku hiyo nenda mlimani. Kabla ya hapo, huo mlima utazame dirishani."

Basi hicho ndicho kikawa kipimo cha nyumbani kwetu. Kila Ijumaa jioni tulikunja zulia la sebuleni na kuegemeza viti ukutani. Panzi alisimama kando ya baiskeli, akashika breki ya mbele kwa mkono ule mbovu. Baba yake akaenda nyuma, akashika kiti, akasukuma. Wiki za mwanzo gurudumu lilizunguka bila shida. Siku hizo Panzi alirudisha chakula jikoni kama kilivyopakuliwa. Mbio za mwisho wa msimu zilikuwa zinakaribia, na yeye alizitaka kwa roho yake yote.

Ijumaa moja gurudumu halikuzunguka.

"Loo!" mwanangu akapiga kelele. Yeye ni fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu wa mabega mapana. Alijikunja, mishipa ya shingo ikamtoka, akaguna kama anayesukuma lori lililokwama kwenye tope. "Mwanangu, umekuwa nondo! Mama, umeona?"

"Nimeona," nikasema.

Na kweli niliona. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka nachambua maharage, na aliyekaa chini huona miguu ya watu. Mtu anayesukuma kwa nguvu huinua visigino, vidole vinang'ang'ania sakafu. Mwanangu ndala zake zilikuwa zimelala chini kabisa, kama za mtu aliyepanga foleni benki. Nguvu zote alikuwa amezipeleka usoni.

Wakati huo Panzi anaruka ruka, ananikumbatia, maharage yanamwagika. Jioni ile alikula sahani mbili. Nani angekuwa na moyo wa kumkatiza?

Nilimfuata mwanangu jikoni.

"Wewe, hukusukuma."

Akajifanya anatafuta chumvi. "Nimesukuma, Mama."

"Nimekuzaa mimi. Umesukuma uso."

Akashusha pumzi. "Hukumwona alivyokonda? Wiki ijayo mkono utakuwa na nguvu zaidi. Nimempa moyo tu, basi."

Nikanyamaza, kwa sababu nilijua amefanya kwa mapenzi, na kwa sababu niliamini bado tuna wiki kadhaa mbele yetu. Lakini Panzi hakuridhika na baba peke yake. Alimwita fundi baiskeli, yule mwenye karakana karibu na duka la dawa, ambaye amemtengenezea baiskeli tangu alipoanza. Fundi naye akaja kesho yake, akapangusa mikono yenye grisi kwenye suruali, akashika kiti na kusukuma. Alisukuma kama mtu anayesogeza kitanda cha mtoto aliyelala. Gurudumu likatulia tuli.

"Hapo sina la kusema," fundi akatamka, na akawahi kuondoka bila kunywa chai. Siku nyingine huyo haondoki mpaka birika liishe.

Wanaume wawili, kila mmoja na huruma yake, wala hawakuwa wamepanga pamoja. Jioni ileile Panzi akatangaza mezani, "Kesho asubuhi nakwenda mlimani. Nataka kuifahamu tena ile kona kabla ya mbio."

Mwanangu akakohoa. Nilimtazama, akatazama sahani yake. Nikajua kwamba hatasema. Nami nilipoona hatasema, niliiona ile kona, na yale mawe mawili, na mkono ule unaovuta breki isiyokubali.

"Lete hiyo baiskeli," nikasema.

"Ya nini, Bibi?"

"Kila mtu amesukuma isipokuwa mimi. Au mnadhani mimi ni pambo la nyumba?"

Panzi akacheka sana. "Wewe, Bibi? Na hayo magoti yako? Utaanguka, tuanze kukuminyisha sponji na wewe!"

"Shika breki, acha maneno."

Akashika, bado anacheka. Nikaenda nyuma. Nikavua ndala, nikakanyaga sakafu vizuri, nikashika kiti kwa mikono miwili na kusukuma kweli kweli, kama ninavyosukuma kabati ninapotaka kufagia nyuma yake.

Gurudumu likazunguka. Baiskeli ikaondoka na mjukuu wangu ikagonga kabati la vyombo, vikombe vikalia, na mimi nikabaki nimeinama katikati ya sebule, nimeshika kiuno.

Mwanzo tulicheka wote. Halafu kicheko cha Panzi kikakatika. Alitazama mkono wake, akanitazama mimi, mwanamke mzima mwenye mvi na magoti mabovu. Akamgeukia baba yake.

"Baba. Jana ulisukuma kweli?"

Mwanangu akatazama dari, kama mafundi rangi wanavyotazama dari ya mteja wakitafuta nyufa.

"Baba."

"Nilisukuma kiasi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na fundi?"

"Fundi sijui. Nadhani na yeye kiasi."

Panzi akaegemeza baiskeli ukutani taratibu, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tulibaki sebuleni mimi na mwanangu. Nilitamani Panzi anitukane, anipigie kelele, lolote lile kuliko mlango ule uliofungwa. Mwanangu akasema, "Mama, ungemwacha afurahi hata leo tu." Nikamjibu kwamba kesho asubuhi ndiyo ilikuwa inanitisha. Akafunika uso kwa viganja. Najua alikuwa ameiona ile kona na yeye.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa. Macho ya Panzi yalikuwa mekundu.

"Siendi kesho," akasema. "Na mbio sishiriki." Kisha akaja mpaka nilipokaa. "Ijumaa ijayo usukume wewe."

"Mimi siwezi kusukuma uongo, mjukuu wangu."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Sukuma kweli, Bibi."

Tukaanza upya. Nguo zote za nyumba alizikamua yeye. Mwanzo alizitoa zinachuruzika maji hadi mlangoni, nami nikipita nyuma yake na tambara. Kazini mwenye duka alimwekea kigoda kirefu na kuhamishia chupa nzito kwenye rafu za chini, na hakumfanya ajione ni mzigo. Nilimpelekea huyo bwana mayai kama shukrani, akakataa, nikayaacha mlangoni.

Siku ya mbio Panzi alikwenda kusimama na bendera kwenye kona ileile, kuwaonya wenzake. Yule msichana aliyempakata alipita akiwa wa pili, akapunguza mwendo akampigia busu la mbali. Mwanangu alisema kwamba hilo busu lilimharibia nafasi ya kwanza. Mimi nasema liliifaa siku.

Kwa kuwa Jumapili zilikuwa hazina kazi, Panzi akawa anashinda kwenye karakana ya fundi. Fundi alimwomba msamaha siku ya kwanza, kisha akamwomba tena siku ya pili, mpaka Panzi akamwambia, "Ukiomba tena nakuhama." Huko ndiko alikoona fremu moja kuukuu ya chuma, imetundikwa darini, ya baiskeli za watu wa safari ndefu. Hizo zina matairi manene na vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, na mtu hukaa wima akaona anakopita.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya mtu aliyehama. Haina haraka hiyo. Ukitaka kushinda mbio na hii, waambie wengine watembee kwa miguu."

Fundi alisema kwa utani, lakini mjukuu wangu alirudi nyumbani na jambo jipya usoni. Mezani hakuzungumza tena kuhusu nafasi ya nne wala ya sita. Alizungumza kuhusu ziwa lililoko ng'ambo ya mlima, na kwamba hajawahi kulifikia kwa sababu mbio zinaishia upande huu. Alisema mtu anaweza kubeba hema na kulala huko. Nilimsikiliza nikijizuia nisitabasamu kupita kiasi, asije akadhani nafurahia kushindwa kwake.

Waliiunda hiyo baiskeli polepole, yeye na fundi. Kukaza nati ndogo kwa vidole vya kushoto kulimfanya atoe kijasho, na fundi alikaa kando akijifanya ana shughuli nyingine. Mwanangu alikuja nayo fremu nyumbani akaipiga msasa, akaipaka rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka, kwa brashi yake nzuri ambayo hata wateja wake haiwafikii. Panzi aliitazama, akamwekea baba yake mkono begani, wakakaa hivyo.

Na kila Ijumaa nilivua ndala nikasukuma. Wiki moja gurudumu lilizunguka mara moja tu. Nyingine likagoma kidogo, kisha likakubali. Sikumpunguzia hata kidogo, ingawa zipo Ijumaa nilizotamani.

Halafu ikafika Ijumaa ambayo nilisukuma na gurudumu halikwenda. Nikasukuma tena. Nikamwita mwanangu.

"Njoo. Na leo niione miguu yako."

Akaja, akainua visigino, vidole vikauma sakafu. Tulisukuma wawili, mama na mwana, tukitweta. Gurudumu halikuzunguka. Tairi zima liliteleza juu ya sakafu na kuacha mstari mweusi, ambao mpaka leo sijausugua. Panzi alikuwa ameshika breki, meno yameuma mdomo, mkono umekaza lakini hautetemeki.

"Inatosha," nikasema. "Magoti yangu yamekubali, umepona."

Jumapili iliyofuata alishuka mlima na baiskeli ya kijani. Mimi na mwanangu tulisubiri chini, kwenye nyasi. Mwanangu alisimama, akakaa, akasimama. Kisha tukamwona juu, anakuja bila haraka, anazunguka mawe badala ya kuyaruka. Kwenye kona ya mwisho alivuta breki. Nilisikia mchanga ukisagika chini ya tairi, na baiskeli ikapunguza mwendo kama alivyoitaka, ikapita kona, ikaja ikasimama mbele yetu.

Mwanangu alikaa chini kwenye nyasi kama mzigo uliokatwa kamba.

"Mkono?" nikauliza.

Akaukunja, akaukunjua mbele ya macho yangu. "Mkono mzima. Kiti ndicho kitaniua, Bibi, kigumu kama tofali. Una maji?"

Nikampa chupa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akanywa yote, huku anatazama barabara inayozunguka mlima kwenda upande wa ziwa.