Majibu ya Namba Saba

Kijiko kiligonga kikombe gizani, mara tatu. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili jioni, na Mbuke alikuwa kitandani anamvisha binti yake Blessing soksi. Nyumba hiyo ina vijiko viwili. Kimoja kilikuwa mdomoni mwa Blessing, anamalizia uji. Cha pili kilikuwa kwenye beseni, chini ya maji, na kijiko kilicho chini ya maji hakigongi kitu.

Mbuke akawasha tochi ya simu. Juu ya kigoda alisimama panya mweupe mwenye namba ya wino mkiani. Alikuwa Namba Saba, wa kizimba cha tatu, aliyekufa Jumanne.

Mbuke akapiga hesabu ya umri. Namba Saba alifariki akiwa na miaka miwili, ambayo kwa panya ni umri wa kupishwa kwenye kiti.

"Shikamoo," akasema Mbuke.

"Marahaba, Mama Blessing. Samahani kwa usumbufu. Nimefuata majibu yangu."

Mbuke alikuwa mhudumu wa wanyama katika maabara moja ndogo hapo Mbeya. Mchana aliwalisha panya, akawafagilia, akaandika vipimo vyao kwenye daftari. Jioni tatu kwa wiki alisoma darasa la watu wazima, maana alitaka siku moja naye avae koti jeupe lenye jina mfukoni. Utafiti ulikuwa wa Dokta Fanueli. Dokta alibuni ndoo ya kuchujia maji iliyopakwa chembe za fedha kwa ndani. Fedha ya pete, si ya mfukoni. Chembe zenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukipasua unywele mmoja mara elfu, kila kipande bado ni kikubwa kuliko chembe. Panya watatu walikunywa maji matupu, watatu maji yenye chembe kidogo, watatu yenye chembe nyingi. Baada ya miezi mitatu wote tisa walilazwa usingizi wa mwisho, na maini yao yakapanda basi la asubuhi kwenda Iringa ndani ya kisanduku cha barafu, kwa sababu darubini kubwa iko Iringa.

"Hayajarudi," Mbuke alimwambia. "Njoo kesho."

Namba Saba hakulalamika. Aliteremka kigodani, akapita chini ya mlango, huku tumbo lake likigonga kama kijiko kwenye kikombe. Ini lilikuwa Iringa. Kilicholia ni figo yenye fedha.

Kesho yake walikuja wote tisa, saa moja kasoro jioni, wakakaa kwenye benchi la nje kwa kufuata foleni. Mwenye nyumba, Mama Damari, alikuwa amekaa mwisho wa benchi hilo anachambua maharage.

"Ugonile," alimsalimia wa kwanza. Panya hakuitikia. Alizaliwa maabara, Kinyakyusa hakijui.

"Mama Blessing, hawa ni wagonjwa?"

"Ni marehemu, mama. Wanasubiri majibu."

"Basi wasogee. Na wasiguse maharage."

Wakasogea. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina mzaha, kwa hiyo Mbuke akatoa kitenge chake cha zamani, akawafunika miguu. Blessing alipita akiwahesabu, akaruka namba sita, akarudia.

Kwa kweli hakuna aliyeyasubiri majibu hayo kwa hamu kuliko Mbuke. Ndoo ya kwanza Dokta alishaipeleka chekechea anakosoma Blessing, ikiwa zawadi, kabla ini lolote halijapanda basi. Ilikuwa na bomba la bluu la kubonyeza, na Blessing alilipenda kuliko bembea. Alikuwa akinywa vikombe vinne kwa siku, hata asiposikia kiu.

Bahasha ilifika Alhamisi. Mbuke ndiye aliyenakili namba za kuumia kwa ini. Maini ya maji matupu yalipimwa arobaini. Ya chembe kidogo, hamsini. Ya chembe nyingi yalizunguka tisini, na lile la Namba Saba lilifika tisini na tano. Ini zima halitakiwi kuvuka sitini na tano. Dokta Fanueli aliyajumlisha yote tisa, akagawanya, akapata sitini. Akaandika kwamba ndoo ni salama.

Jioni ile Mbuke alisimama mbele ya benchi.

"Wastani wenu ni sitini," alisema. "Mko salama."

Panya wakatazamana.

"Wastani ni nani?" aliuliza Namba Saba.

"Kwetu hakulala," alisema Namba Mbili, mnene wa maji matupu.

"Labda ndiye aliyekuwa anamaliza pumba zetu," akadakia Namba Tano.

Mbuke alikumbuka mwalimu wa jioni alivyowaambia kwamba huwezi kutafuta wastani wa mbuzi na baiskeli, maana utapata kitu chenye miguu mitatu kisichokamuliwa wala kupandwa.

Asubuhi akaingia ofisini kwa Dokta akiwa na daftari lake.

"Dokta, panya wamekuja nyumbani. Wanaulizia majibu."

Dokta Fanueli aliendelea kukoroga chai. "Majibu hayatolewi kwa panya. Yanatolewa kwa mfadhili. Umewaambiaje?"

"Siku ya kwanza niliwaambia njooni kesho."

"Umefanya vizuri."

"Ila Dokta, waliokunywa maji matupu hawakunywa ya ndoo. Tukiwatoa hao..."

"Tukiwatoa hao, wastani unaharibika."

"Mwanangu anakunywa kwenye ile ndoo."

"Vizuri sana. Maji safi ni haki ya mtoto." Akapiga muhuri kwenye ripoti, akapulizia wino ukauke.

Mbuke akapitia chekechea. Mwalimu Bertha alimsikiliza mpaka mwisho, huku watoto arobaini wakipanga mstari kwenye bomba la bluu.

"Nakuamini, mama," alisema Mwalimu Bertha. "Tena mwanangu Anyitike naye yupo kwenye mstari huo. Lakini ndoo imekuja na barua yenye muhuri. Kuiondoa nayo inataka barua yenye muhuri."

"Muhuri anao Dokta."

"Ndiyo hapo sasa."

Tangu siku hiyo Mbuke alichemsha maji alfajiri, akayapoza, akayatia kwenye chupa yenye kamba, akamvisha Blessing shingoni. Alikumbuka vile vikombe vinne vya kila siku alivyokwisha kunywa mtoto, akaacha kuvihesabu, akafunga kifuniko vizuri.

Jumamosi jioni alichana karatasi tisa kutoka kwenye daftari la hesabu. Akamwandikia kila panya namba yake mwenyewe, bila kumchanganya na mwenzake, akawagawia mmoja mmoja. Namba Saba alisoma ya kwake taratibu. Tisini na tano.

"Nilijua," alisema. "Nilijisikia vibaya tangu mwezi wa pili wa kunywa."

"Pole sana."

"Asante. Umeniandikia vizuri, mwandiko wako unasomeka." Akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. "Ila haina muhuri."

"Sina muhuri, mzee."

"Basi bado hayajawa majibu." Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kwapa, akajirekebisha kwenye benchi. "Tutasubiri."

Wanasubiri hadi leo. Ndoo mia mbili zimeshapelekwa kwenye chekechea nyingine, Mbeya na Iringa, kila moja na bomba lake la bluu. Mama Damari ameshawazoea panya, na wao wamejifunza kuitikia Kinyakyusa, ingawa matamshi yao ni ya puani. Mbuke anakaribia mtihani. Kila jioni anasomea pale nje kwenye mwanga wa taa ya mlangoni, na Namba Saba humshikia rula.

Jana, wakati wa kuosha vyombo, alikisikia kijiko kikigonga kikombe. Vijiko vyote viwili vilikuwa mkononi mwake, vina povu. Akatoka nje. Blessing alikuwa amekwenda mwisho wa foleni, akarukia benchi, na alipotua kijiko kikagonga tena, tumboni mwake. Akavuta pindo la kitenge, akajifunika miguu pamoja na wenzake.

"Ingia ndani, mama, kuna baridi," alisema Mbuke.

Blessing akatikisa kichwa.

"Na mimi nasubiri majibu yangu."