Baba Yangu Kuitwa Mgalu

Mimi sina subira, nasema mapema asije mtu akashangaa. Siku ile nilikwenda maktaba hapa Kagongwa kwa ajili ya semina ya akina mama wauza mchele, tufundishwe kupanga madaraja na kufungasha. Mwalimu akachelewa. Nilipochoka kukodolea ukuta macho nikavuta jalada kubwa la picha za zamani, nikaanza kufunua. Ukurasa wa tisa, baba yangu huyo, marehemu Jilala, kijana mbichi, kifua wazi, njuga miguuni. Nilifurahi hadi nikamgusa jirani yangu aje aone. Kisha nikasoma maandishi ya chini: "Jilala, mwimbaji wa Bagalu, 1968."

Nikapandwa na mori. Huku kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu anazaliwa na upande wake kama anavyozaliwa na ukoo. Baada ya mavuno pande zote mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watu wenyewe wanahama kwenda kwenye ngoma inayowavuta, na wenye watazamaji wengi ndio washindi. Baba alikuwa Mgika wa kufa na kuzikwa. Mimi hata jembe siazimi kwa Mgalu.

Nikamfuata mkutubi, Bhoke, binti wa Tarime asiyejua lolote kuhusu ngoma zetu. Nikamwekea jalada mezani.

"Futa hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futa."

Akacheka, akanieleza taratibu. Kila Jumamosi wazee wanakuja kutambua picha. Wakishakubaliana, maelezo yanaingia kwenye kitabu cha historia ya mji, kinabaki hapo hapo maktaba, wajukuu waje wasome. "Jumamosi hii ni zamu ya picha ya baba yako," akasema. "Njoo na mashahidi."

Nikaondoka, semina hata sikuikumbuka. Mimi ndiye mtoto pekee wa Jilala. Nisipomsemea mimi, atabaki Mgalu kitabuni mpaka mwisho wa dunia.

Jumamosi nikaenda na mashahidi wawili, Bagika wa kutupwa: mzee Luka na mama Lusia. Bhoke, maskini, alikuwa amepanga viti pande mbili na kuacha njia katikati, hajui kwamba ametutengenezea uwanja wa ngoma. Bagika wakakaa kulia, Bagalu kushoto. Kule kushoto mbele kabisa alikuwa mzee Mayala, Mgalu mkongwe, na ndiye aliyeileta ile picha.

Nikaanza mimi. Nikasema baba yangu hajawahi kukanyaga ngoma ya Bagalu, aliyeandika vile alikosea. Luka akaitikia kwa nguvu. Nikakaa, moyoni nimeshashinda.

Mayala akaniangalia kwa upole ulioniudhi. "Mayu," akaniita, yaani mama, "njuga hizo tulinunua pamoja, mimi na baba yako. Sauti yake ikipanda, Bagika walibaki wanajichezea wenyewe."

Watu wakacheka. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Mzee Luka, shahidi wangu mwenyewe, anavuka njia kwenda kushoto, ati hasikii vizuri. Mama Lusia akamfuata bila hata kutafuta kisingizio. Kiti kimoja kimoja, upande wangu ukaisha.

"Kisha akampenda mama yako," Mayala akaendelea. "Babu yako alikuwa Mgika, akasema hatoi binti kwa Mgalu. Jilala akaapa mbele ya wakwe zake kwamba neno la wimbo wetu halitatoka tena kinywani mwake. Akahamia kwenu. Mimi nilimkasirikia miaka mingi, lakini kiapo chake alikishika."

Halafu akauimba wimbo wenyewe, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni maktaba.

Wimbo ule naujua. Kila msimu baba akipalilia mpunga alikuwa anauguna, midomo imefumbwa, kutoka alfajiri hadi jua la utosi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza maneno yake, akasema hauna maneno. Nikamwamini hadi tunamzika.

Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Nilimlilia yeye, aliyenyamaza miaka yote ile kwa ajili ya mama yangu. Kisha nikainuka, nikabeba kiti changu cha plastiki, nikavuka njia. Kwenye ngoma kuvuka hivyo ni kushindwa, na Bagalu wakapiga makofi bila huruma. Nikaketi goti kwa goti na Mayala.

"Baba," nikamwambia, "rudia polepole." Bhoke akaniletea kalamu.

Tulipomaliza Bhoke akaniuliza, "Mama Mariana, sasa nifute?"

"Usiguse. Ongeza tu kwamba alihamia Bagika kwa ajili ya mke, na uweke na wimbo."

Mayala akanipa mkono. "Wabeja, mayu," akasema, na alikuwa anashukuru kweli.

Siku hizi nina kadi ya maktaba, na Jumamosi sikosi. Bagika wenzangu wananitania kwamba nimenunuliwa, nami nawaambia waje na viti vyao. Jana nilikuwa shambani napalilia mpunga, nikauimba wote, tangu mwanzo, kinywa wazi. Mimi sikumwapia mtu.