Kikombe Cheupe Dirishani

Katika kituo kizima cha umeme, chenye watu mia mbili na kelele za kutosha watu elfu, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado akimwita mkemia "shemeji". Wengine walimwita mkemia, basi. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo humo humo, na enzi za uhai wake mkemia alikuwa na mashemeji kila kona: huyu anamtania kwenye foleni ya chakula, yule anamsalimia kwa kelele kutoka juu ya bomba. Mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita, ushemeji ule ukayeyuka taratibu, mmoja mmoja, bila ugomvi na mtu. Akabaki fundi koki peke yake.

Fundi koki alikuwa mtu mfupi, mwenye goti bovu na maneno mengi. Ndiye aliyefungua kabati la marehemu baada ya mazishi, akapanda ngazi za maabara akichechemea, mkononi ana kikombe cheupe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. "Shemeji," alisema, "hiki cha ndugu yangu. Nimeona kisije kikaangukia kwa watu wasiojua kuosha vyombo." Mkemia alicheka, kisha akalia. Fundi koki akasimama pale mlangoni hadi alipomaliza, jambo ambalo ndugu zake wa damu hawakuliweza.

Kikombe kile kikapata kazi. Maji yanayochemshwa kituoni ili yawe mvuke husafishwa kwanza kwenye matangi, na matangi yenyewe huoshwa kwa tindikali. Yale maji ya kuoshea hukusanywa kwenye shimo la zege chini ya maabara, yakatiwa magadi makali ya kuua ukali, ndipo mkemia anayapima. Kipimo kikisoma saba, maji hayana madhara, na fundi koki anayafungulia yaende mtoni. Kikisoma chini sana ya hapo, hakuna kufungua. Kanuni inasema mkemia ajaze fomu na kuitia sahihi, na fundi apande ngazi thelathini na nne kuifuata, aisome, atie sahihi yake, ashuke nayo. Aliyetunga kanuni hiyo bila shaka alikuwa na magoti mazuri.

Wao wakapatana lao. Maji yakiwa salama, mkemia anaweka kikombe cheupe dirishani. Fundi koki anakiona kutoka chini, anapiga saluti ya kuchekesha kama askari wa gwaride, anafungua. Fomu walizitia sahihi Ijumaa, zote kwa mkupuo, huku wakiteta habari za watu. Miaka sita hawakukosea hata mara moja, na ukweli usemwe: kulikuwa na siku ambazo saluti ile ndiyo iliyokuwa mazungumzo yote ya mkemia tangu kuamka hadi kulala. Nyumbani alikuwa na viti vinne na redio.

Siku ya mkosi ilianza vizuri. Saa tatu na nusu asubuhi simu iliita, na ilikuwa ni binti yake, anayeishi nchi ya mbali na ambaye kwa kawaida hupiga Jumapili tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Chumba chako nimeshakiandaa. Hata pazia nimebadilisha, lile la zamani lilikuwa linaona aibu lenyewe."

Binti akauliza kwanza habari za majirani. Mkemia, ambaye kazi yake ni kujua kitu kabla hakijaonekana kwa macho, alijua.

"Mama, likizo hii sitaweza. Kazi zimenibana. Labda mwakani."

"Haya, mwanangu. Kazi kwanza." Akajikaza, akauliza habari za afya, akauliza habari za baridi, akacheka mahali palipostahili kucheka. Simu ilipokatika aliirudisha mahali pake. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akakitoa kikombe cha mumewe rafuni, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akanywea humo. Chai ilikuwa na ladha ya bati. Aliinywa yote, taratibu, kama mtu aliye na mgeni.

Alipomaliza alikiosha, akakikausha kwa kitambaa. Mikono yake ilikuwa na mazoea ya miaka sita, na akili yake ilikuwa kwenye pazia jipya. Kikombe kikaenda mahali kilipozoea kwenda kikitoka mkononi mwake. Kikakaa dirishani.

Dakika ishirini na ushei baadaye alishuka na chupa ya kuchukulia maji ya kupima. Magadi yalikuwa hayajatiwa bado shimoni. Alitaka kujua kwanza ukali umefika wapi. Akamkuta fundi koki amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ameachia mguu mbovu upumzike, anapiga mluzi.

"Shemeji, leo umewahi kweli! Nikasema, leo huyu ana safari."

Mkemia alitazama shimoni. Maji yalikuwa yameshuka hadi nusu, na yalikuwa yanaendelea kushuka.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Si wewe? Kikombe si kile pale?"

Waligeuka wote wawili kutazama juu. Kikombe kilikuwa pale, cheupe, kisafi, kinang'aa kwa jua.

Fundi koki alisahau kuwa ana goti. Aliirukia koki, akaizungusha kwa mikono miwili hadi ikakaza. Mkemia alichovya kipimo kwenye maji yaliyobaki, akasoma mara mbili. Mbili nukta nane. Tindikali tupu.

"Umefungua saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi. Niliangalia saa, kama kawaida yangu." Akaitazama tena. "Sasa ni nne na thelathini na mbili."

Mto ule hauishii porini. Mwendo wa saa mbili au tatu kuteremka kuna mitambo ya kusafisha maji ya mji, nayo inayavuta maji mtoni mchana kutwa. Kanuni ya ajali ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa maabara, na hii haikuwa na ubishi: wapigie simu watu wa mitambo ya maji ndani ya saa moja, useme nini kimemwagika, kiasi gani na tangu lini.

Fundi koki alimshika mkono wa shati. Hakuwa na mzaha tena.

"Shemeji, sikiliza. Sema koki imevuja. Koki haina mke, haina watoto, wala haistaafu. Mimi nimebakiza miezi minane. Wakisikia habari ya kikombe, mimi na wewe tumekwisha."

"Nitasema hivyo," alisema mkemia, na alimaanisha. Angemkatalia vipi? Alipanda ngazi thelathini na nne akiwa ameshakata kauli, amejipangia na maneno.

Juu alimkuta msimamizi wa zamu, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Subiri, na jina lilimkaa kuliko shati lake. Alisikiliza, akajifuta jasho.

"Subiri kwanza. Meneja yuko kikaoni. Na mto wenyewe mkubwa, utayameza tu hayo maji. Tusijipalie makaa bure."

Mkemia hakusubiri. Alibonyeza namba za ukutani. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya mafua, aliyejitambulisha kuwa ndiye mwendeshaji wa mitambo ya maji.

"Napiga kutoka kituo cha umeme. Kuna tindikali imeingia mtoni kwa bahati mbaya. Koki yetu imevuja."

"Imevuja tangu saa ngapi?"

Swali hilo hakujiandaa nalo. Akapekua karatasi za mezani.

"Dada, unanisikia? Koki ikivuja inaweza kuwa imeanza jana. Kama hujui ilianza lini, mimi sijui maji hayo yako wapi saa hizi. Yawezekana yameshaingia kwangu. Nikifunga sasa hivi bila kujua nifungue lini, nina hospitali hapa itakaa bila maji mpaka kesho. Nisipofunga, nitawanywesha. Niambie tangu lini."

Mkemia alitazama nje. Fundi koki alikuwa amesimama karibu na shimo, amekinga jua kwa kiganja, anatazama dirishani. Kwa mbali ile ilikuwa kama saluti yao. Moyo ulimuuma, ukamuuma hasa, kwa sababu alijua anachoelekea kukipoteza na alijua hana kingine cha namna hiyo.

"Haikuvuja," alisema. "Ilifunguliwa saa nne na dakika kumi, ikafungwa nne na thelathini na mbili. Ni lita elfu arobaini hivi, kipimo mbili nukta nane. Ilifunguliwa kwa ishara yangu. Niliweka kikombe dirishani kimakosa."

"Kikombe?"

"Kikombe. Andika hivyo hivyo."

Nyuma yake Bwana Subiri alishika kichwa kwa mikono miwili.

Saa nane kasoro mchana simu ililia tena. "Maji yako yameshapita, dada," ilisema ile sauti ya mafua. "Tulifunga mapema, tumeshafungua. Hakuna aliyekunywa. Wengi hutupigia samaki wakishaelea. Asante." Mkemia alitaka kumwuliza kama anakunywa kitu cha moto kwa ajili ya mafua hayo, lakini mwenzake alikuwa na kazi, akakata.

Samaki walikufa kwenye kona ya kwanza ya mto, wakahesabiwa, wakapigwa picha. Kikaja kikao, kikazaa kikao kingine. Wachunguzi walikichukua kikombe wakakitia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, na mkemia alipouliza atarudishiwa lini, Bwana Subiri akamjibu jibu lake. Mkemia mwenyewe alipewa barua ya onyo, kwa sababu mkemia mwingine hapakuwepo. Fundi koki, kwa kuwa mafundi koki ni wengi, aliondolewa kwenye koki akapelekwa getini kukagua wanaoingia, amalizie huko miezi yake minane. Haki ya ofisini ndivyo ilivyo, huanguka upande ulio karibu na ardhi.

Siku walipotoka kwenye kikao cha mwisho mkemia alimsubiri fundi koki koridoni. Alitarajia atamgombeza, na alikuwa radhi kugombezwa. Fundi koki alisema, kwa sauti ya chini, "Ungesema koki," akaenda zake akichechemea.

Kesho yake asubuhi mkemia alimkuta getini, amevaa sare mpya iliyompwaya mabegani.

"Shemeji, habari za asubuhi."

Fundi koki alinyoosha mkono. "Kitambulisho."

Akakiangalia mbele, akakigeuza nyuma, kana kwamba hajapata kumwona mwenye sura ile. Akaandika kwenye daftari lake.

"Pita, mkemia."

Wiki mbili za kwanza mkemia alikuja amekishika kitambulisho mkononi, ili asimsumbue. Kikawa kinaangaliwa, kinarudishwa, anapita, hakuna hata neno. Juu maabarani dirisha lilikuwa tupu, na fomu zilipanda na kushuka mikononi mwa kijana mwenye magoti mazima ambaye alisalimia kwa kidevu.

Siku hizi kitambulisho anakiweka chini kabisa ya mkoba, chini ya kanga, chini ya chupa ya chai. Anafika getini mapema, wakati hakuna foleni, na anaanza kukitafuta polepole, kitu kimoja kimoja. Fundi koki anasimama na goti lake, anapumua, anakohoa. Mkemia anasikiliza. Na mara nyingi, akichelewa sana, fundi koki hulazimika kusema jambo.

"Hakipo?"

"Kipo," anajibu mkemia, na kuendelea kutafuta. "Kipo, subiri kidogo."